Mwenyekiti Alikuja Kukagua

Wenzangu niliosoma nao seminari kila mmoja amepata sifa yake. Mmoja amejenga kanisa lenye mnara unaoonekana kutoka tarafa ya pili. Mwingine husafiri Ulaya kila mwaka kuwaeleza Wazungu jinsi tunavyoteseka, na kila mwaka hurudi amenenepa kidogo. Mimi nimejaliwa kipaji cha aina nyingine. Nikisimamisha pikipiki mbele ya boma lolote kati ya Uriri na mpakani, mama fulani hutoka jikoni ameshika kichwa na kuanza kulia: "Yawa! Fatha amekuja!" Mara mbili nilikuwa nimesimama kuuliza njia tu.

Sikuitafuta sifa hii. Mwaka wangu wa kwanza katika parokia ya Uriri niliitwa kwa mama mmoja aliyekuwa na saratani ya titi. Nilimpaka mafuta matakatifu, nikasoma sala zote, hata zile ambazo kitabu kinasema unaweza kuruka. Alikuwa akipiga mayowe nilipoanza, na alikuwa akipiga mayowe nilipomaliza. Familia ilinishukuru sana, ikanifungia kuku. Nilifika barabarani na bado nilikuwa namsikia. Nilisimama pale na kuku wangu, padri kamili mwenye miaka minane ya falsafa na teolojia, nikatambua kwamba sijui hata jina la dawa moja ya maumivu inayozidi ile inayouzwa dukani kwa ajili ya kichwa.

Nilikwenda kwa Baba Askofu kumwomba ruhusa ya kufungua nyumba ndogo ya wagonjwa wasiopona. Alinisikiliza kwa makini, akaniambia, "Mungu akubariki." Wasio mapadri hawaijui lugha hii. Maana yake ni kwamba ruhusa nimepata, na kwamba nisitarajie baraka ya aina nyingine yoyote kutoka ofisini kwake.

Basi tukageuza ghala la zamani la mahindi la parokia kuwa hospisi. Vitanda sita. Nikampata muuguzi mstaafu, mama Msabato aliyekuwa amejifunza kazi ya kutuliza maumivu katika hospitali kubwa, na ambaye watu wote walimwita Sista kama wanavyoitwa wauguzi wote huku kwetu. Wageni walidhani ni mtawa. Alikuwa na wajukuu tisa na hakuwa na subira na mtawa wala padri. Jumamosi alikwenda kanisani kwake, Jumapili mimi nilikuwa kwangu, na kwa hiyo wagonjwa wetu hawakuwahi kukosa mtu mmoja anayefanya kazi na mwingine anayeomba.

Aliyeipinga nyumba ile tangu mwanzo alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya parokia. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzaliwa wa upande wa Magunga aliyehamia Uriri kufundisha na hakurudi tena. Alikuwa mrefu, koti lake la kijivu hakulivua hata Februari, na alikuwa na kalamu mbili mfukoni, moja nyekundu. Nyekundu ilikuwa ya kusahihisha ripoti za watu wengine. Mke wake alikuwa amefariki, na wanawe wawili wa kiume walikuwa mjini wakishughulika.

Alimwandikia askofu barua. Najua kwa sababu askofu alinionyesha. Ilisema kwamba padri ameifanya parokia kuwa kituo cha mwisho cha basi, kwamba vijana wanaogopa kuja kufunga ndoa mahali ambapo wagonjwa wanakohoa upande wa pili wa ukuta, na kwamba mimi mwenyewe nina "tabia ya kupenda maiti." Sarufi yake haikuwa na dosari. Askofu aliikunja, akaniambia, "Mungu akubariki," na nikarudi nyumbani nikiwa nimebarikiwa mara mbili.

Miaka miwili baadaye mwenyekiti alianza kutafuna chakula muda mrefu. Kisha akaacha nyama, kisha ugali, kisha kila kitu kisichokuwa uji. Hospitali ilimwambia ni saratani ya umio, na kwamba imechelewa kugunduliwa. Siku aliyoletwa kwetu, kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, koti la kijivu lilikuwa limebaki na ukubwa wake wa zamani. Aliyepungua ni yeye. Nilisimama mlangoni na kumtazama akishushwa, na nitasema kilichotokea moyoni mwangu kwa sababu hakuna faida kuandika kumbukumbu za uongo. Nilifurahi. Nilisema kimoyomoyo: karibu kituo cha mwisho cha basi, mwenyekiti.

Yeye alijishika kwenye fremu ya mlango, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Fatha," alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, "usijidanganye. Sijakuja kufa. Nimekuja kukagua."

Na kweli alikagua. Kesho yake asubuhi aliomba daftari. Mkono ulipochoka alimwamuru Sista aandike, na Sista, ambaye mimi sikuwahi kumwamuru kitu kikafanyika, aliandika. Uji unachelewa. Bawaba za mlango wa choo zinalia kama mbuzi. Mgonjwa wa kitanda cha nne ni kiziwi upande wa kulia na wote mnamsemesha kulia. Padri anaomba muda mrefu mno. Mtu anayeumwa apewe sala fupi na mto mzuri.

"Hiyo ya mwisho nimeipigia mstari," alisema.

Lililoniuma zaidi ni la madirisha. Ghala la mahindi hujengwa na madirisha ya juu, ya hewa tu, ili mwizi asifikie. Tulikuwa tumelaza watu mle kwa miaka miwili na hakuna aliyefikiri. Mwenyekiti aliniita, akaniambia nilale kwenye kitanda kitupu. Nikalala, na viatu vyangu.

"Unaona nini?"

"Ukuta."

"Basi na wao wanaona hicho hicho. Nilimwandikia askofu barua ndefu juu yako na hili sikulijua. Ningelijua ningekumaliza."

Nilimleta fundi wiki ile ile. Alivunja ukuta pande mbili, akashusha madirisha hadi usawa wa godoro, na kwa mara ya kwanza wagonjwa wetu wakaona shamba la miwa, barabara, na ng'ombe wa watu wakila miwa ya watu. Maongezi ya wodi yalibadilika siku moja. Walianza kubishana ng'ombe ni wa nani.

Maumivu yalipozidi, mwenyekiti alikataa mofini. Ile tunayotumia ni ya maji, inapimwa na kunywewa, lakini kwake jina lilitosha.

"Hiyo ni ya walevi wa mjini," alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Nimeishi bila kuonja hata chang'aa. Siwezi kuanza sasa."

Nilikuwa nimetayarisha hotuba juu ya mafundisho ya Kanisa kuhusu mateso. Sista alinisogeza kwa kiwiko.

"Jaduong', mzee wangu," alimwambia, "mimi ni Msabato. Hata chai ya majani sinywi. Unafikiri ningekubebea ulevi kwa mikono yangu?"

Mwenyekiti alimtazama, akafungua mdomo kama mtoto. Hotuba yangu bado ninayo, kama kuna anayeihitaji.

Baada ya siku mbili za kulala vizuri alianza kuongea, si kwa ajili ya daftari. Tulikuwa tumekaa barazani, yeye amefunikwa blanketi, na nikaona afadhali niseme langu kabla halijaoza.

"Mwenyekiti, siku ulipoletwa hapa, nilifurahi."

Aligeuza kichwa polepole. "Kwa muda gani?"

"Kama dakika mbili hivi."

"Mimi ningefurahi wiki nzima," alisema. Akavuta blanketi, akasema, "Nina binti Kegonga."

Nilijua. Kila mtu alijua. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na Mkuria mfugaji, mtu wa dini ya wazee wake ambaye hajabatizwa, na hakukuwa na harusi ya kanisani. Katika mwaka wangu wa kwanza, Jumapili moja baada ya komunyo, mwenyekiti alisimama kusoma matangazo. Alisoma orodha ya waumini wanaoishi katika ndoa zisizobarikiwa, ambao hawaruhusiwi kupokea. Jina la kwanza lilikuwa la binti yake. Binti alikuwa benchi la tatu, na mimba. Alisimama, akatoka, na mlango ulijifunga nyuma yake taratibu kwa sababu ni mzito. Watu walimsifu mwenyekiti kwa kutopendelea damu yake. Mimi, mchungaji wa kundi, nilikuwa nimekaa nyuma ya altare nikichunguza viatu vyangu. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

"Nenda umwite," alisema mwenyekiti.

Nilikwenda kwa pikipiki, nikapita Migori mjini, nikapanda Kehancha hadi Kegonga, vumbi limenigeuza kuwa wa kabila lisilojulikana. Nilimkuta sokoni, akiuza ndizi na mahindi, mwanamke mwenye urefu wa baba yake na macho yale yale ya kalamu nyekundu. Mume wake alikuwa akishusha magunia. Alinisalimu, akaniletea kigoda, akarudi kwenye magunia.

"Amekufa?" aliuliza binti.

"Hapana. Ni mgonjwa sana. Anakuita."

"Anajua njia. Ni yeye aliyenionyesha mlango."

Nilianza kusema kuhusu msamaha. Nimesema kuhusu msamaha mara nyingi, ninajua wapi pa kupunguza sauti. Aliniacha niendelee hadi pale pa kupunguza sauti, kisha akaniuliza:

"Fatha, siku ile, wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umekaa. Nilikutazama. Nilifikiri, huyu ni kijana, ni mgeni, atasimama. Nilitembea polepole nikikupa nafasi."

Kulikuwa na wateja wawili wakisubiri ndizi, na hawakuona haraka yoyote ya kununua. Nilimwambia kwamba niliogopa. Nilimwambia naomba anisamehe mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikupunguza sauti popote.

"Nimekusikia," alisema. "Nenda. Mwambie baba namwombea. Kuja, siji."

Mwenyekiti alipokea ripoti yangu macho yakiwa dirishani. Aliniuliza nilisema nini, naye alisema nini, neno kwa neno, na nilipojaribu kulainisha mahali aliniambia nisichezee kumbukumbu za mkutano. Kisha akaomba daftari na akaandika mwenyewe, siku nzima, akipumzika baada ya kila mstari. Jioni alinipa karatasi.

"Tangazo la Jumapili. Ningesoma mwenyewe, lakini sauti imekwisha. Utasoma wewe. Ukiwa umesimama."

Nilisoma. Ninayo hata sasa karatasi yenyewe. "Mimi mwenyekiti wenu nilisimama hapa nikamtaja binti yangu kwa jina mbele yenu. Nilisema ni kwa ajili ya Kanisa. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ili mnione mkali. Yeye hakunikosea lolote. Namwomba radhi mahali pale pale nilipomwaibisha. Tangazo la pili: tangi la maji nyuma ya sakristia linavuja, na halmashauri imekaa tu."

Nikaongeza la kwangu: kwamba siku ile na mimi nilikuwa nimekaa tu. Kanisa zima lilikohoa. Mwalimu wa kwaya, kwa kuchanganyikiwa, alianzisha wimbo wa Pasaka, na tulikuwa mwezi wa Oktoba.

Nilitarajia binti atasikia na moyo wake utalainika. Alisikia siku ile ile, kwa maana umbea wetu hauhitaji barabara ya lami. Jumatano asubuhi aliingia hospisi akiwa amevaa gumbuti za shambani, akanipita bila salamu, akasimama miguuni pa kitanda cha baba yake.

"Nani amewapa ruhusa kunitaja tena kanisani?"

Wodi nzima iligeuza vichwa. Hata kiziwi wa kitanda cha nne aligeuza sikio lake zuri.

"Mara ya kwanza hamkuniuliza. Mara ya pili pia hamkuniuliza. Kila ukitaka kuwa mtu mzuri mbele za watu, baba, jina langu ndilo unalotumia!"

Nilitaka kuingilia kati. Sista alinishika shati kwa nyuma.

Mzee alifungua mdomo, na kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa kama karatasi ikikunjwa, alisema, "Ni kweli. Hilo sikuliona." Kisha akaanza kutikisika. Nilidhani ni degedege. Alikuwa anacheka, na machozi yanashuka. Binti alimtazama, akatazama kikombe kando ya kitanda, akakishika.

"Uji gani huu? Nani amepika? Ni mzito hivi, ataumeza vipi?"

Alikwenda jikoni na hakutoka tena kwa siku kumi na tatu. Namaanisha alibaki. Aliukoroga uji mwepesi, akauchuja kwa kitambaa, akaubishania na baba yake kila kijiko. Ni moto. Si moto. Hauna ndimu. Ndimu itakuunguza. Sijawahi kuona watu wawili wakigombana kwa raha kiasi kile. Hawakukumbatiana na sikuwasikia wakisema neno la kuwekwa kwenye mahubiri.

Mume alikuja siku ya tatu na kibuyu cha maziwa. Mzee alitaka kupelekwa barazani, na Sista alikuwa na mgonjwa mwingine, nami mgongo wangu ni wa mtu wa vitabu. Mkuria aliinama kumbeba. Mzee aliinua mkono.

"Mkwe hambebi baba mkwe. Ni mwiko kwetu."

"Kwetu pia," alisema yule mume. Lilikuwa neno lake la kwanza refu. "Lakini kwenu mnasema mimi si mkwe. Basi hakuna mwiko."

Mzee alilifikiria jambo hili kwa haki, kama hoja iliyoletwa kikaoni. "Nibebe leo," alisema. "Kesho tutaangalia sheria." Alibebwa leo, akabebwa kesho, na alibebwa kila siku iliyobaki.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, saa nne. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye semina ya mapadri, mada ikiwa "Kuwa Karibu na Watu Wetu," na simu nilikuwa nimeizima kwa heshima ya mtoa mada. Nilipofika, Sista alikuwa amemfumba macho na binti alikuwa amekaa kitandani, kikombe kimo mikononi mwake.

"Alisema nini?" niliuliza. Ni ugonjwa wa kazi, huu wa kutaka maneno ya mwisho.

"Alisema uji umepoa," alijibu. "Nikaenda kuupasha moto. Niliporudi, hakuwa anapumua." Akatazama kile kikombe. "Ulikuwa haujapoa, Fatha. Nilimwambia haujapoa. Kwa nini nilikwenda?"

 Nilikaa upande wa pili wa kitanda. Tulikaa hivyo hadi watu wa gari walipokuja.

Mazishi yalikuwa Magunga, kwenye boma la wazee wake. Wana wawili wa mjini walifika. Kwa miezi mitano barabara ya Uriri ilikuwa mbaya sana kwao, na siku aliyokufa ilitengenea ghafla hadi Magunga, huko mwisho wa Homa Bay. Walileta mahema, vipaza sauti, jenereta, na picha ya baba yao akiwa mnene. Kila msemaji alimsifu mwenyekiti kama nguzo ya hospisi, na mmoja alisema ndiye aliyeianzisha. Wazee wa boma walibishana mume wa binti akae wapi, kwa kuwa ndoa yenyewe walikuwa hawajaitambua. Alikuwa amesimama karibu na jenereta, kofia mkononi. Binti aliinuka kutoka viti vya mbele, akatembea kupita watu wote, akamshika mkono na kumleta kando yake. Wazee waliacha kubishana. Niliendelea na misa, na sala zangu zilikuwa fupi.

Mwezi uliofuata binti alinipigia simu. Nilidhani ni kuhusu jiwe la kaburi. Alisema kuna jirani yao Kegonga, bibi mzee, anaumwa mgongo kwa saratani na familia inamfungia ndani ili asisumbue watu, akauliza ninangoja nini. Tulikwenda na Sista. Binti alitutangulia nyumba kwa nyumba, akizungumza Kikuria cha haraka nisichokielewa, na mwisho wa siku tulikuwa na wagonjwa watatu ambao hakuna aliyejua wapo. Sasa kila Alhamisi yeye ndiye anayepanga tunaanza wapi. Amejifunza kupima dozi na kuandika kwenye kadi, na tukikosea anasahihisha.

Nilimwambia, mara ya nne au ya tano, kwamba ndoa yao inaweza kubarikiwa. Kuna utaratibu hata kama mume hajabatizwa, na mimi mwenyewe ningefurahi kuifunga, kimya kimya, bila kutaja jina la mtu kwenye matangazo. Alimtazama mume wake. Mume alisema yeye hana neno, ila sasa ni msimu wa kupanda.

"Tutafikiria," alisema binti.

Mahindi yale yalivunwa. Wamepanda mengine. Bado wanafikiria, na mimi nimeacha kuuliza. Alhamisi tuna kazi nyingi.